Acheni kuapa kwenye megafoni
Juzi nimemsikia kijana wetu mpya akinguruma: "Mwaka huu mswada wa kudhibiti bunduki unapita, nawaapia!" Nikajishika kichwa. Wadogo zangu, njooni hapa.

1. Mswada kufia kwenye kamati si msiba. Sheria ya Brady, ile ya Marekani ya kuwachunguza wanunuzi wa bunduki, ilisainiwa 1993, miaka 12 baada ya James Brady, msemaji wa Rais Reagan, kupigwa risasi. Mwaka 2013, baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, mswada wa kupanua uchunguzi huo ulipata kura 54 Seneti ukaanguka, maana zilitakiwa 60.

2. Kuapa. Hapa ndipo nilipoungua. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mama mmoja aliyefiwa na mwanawe, "Mama, safari hii hawachomoki." Akaja kuzungumza mbele ya kamati, picha ya marehemu kaitia ndani ya foronya isikwaruzwe. Alipewa dakika 2. Muda ukaisha bado anahangaika kuitoa. Mswada haukupigiwa hata kura. Jioni akanipigia, sikupokea. Kesho yake tena, sikupokea. Wiki tatu nilijisingizia mitihani, kumbe naiogopa sauti yake. Tukaja kukutana kwenye mkesha wa mishumaa, nami najibanza nyuma ya bango langu mwenyewe, mtu mzima! Akanishika mkono. "Mwanangu, kwani mimi sijui kuwa hawa hawasikii? Nilikuwa nakuuliza tu kikao kijacho lini." Nilitamani ardhi ipasuke.

3. Kuleni kabla ya maandamano. Na betri za akiba, jamani.

4. Fulana za rangi ya machungwa tunazovaa Juni si urembo. Marafiki wa Hadiya Pendleton, binti wa Chicago aliyeuawa 2013 akiwa na miaka 15, waliichagua rangi hiyo kwa sababu wawindaji huivaa porini wasije wakapigwa risasi na wenzao. Ukiulizwa ukajibu "ni sare yetu", nakuvua hapo hapo.

5. Msigeuke mkasema haiwezekani, maana hiyo nayo ni kuapa. Kwenye shule ya Parkland, Florida, waliuawa watu 17 tarehe 14 Februari 2018. Tarehe 9 Machi, jimbo hilo likapandisha umri wa kununua bunduki hadi miaka 21. Vijana walikuwa wamepanda mabasi kwenda kuwabana wabunge, hata matanga hayajaisha.

Yule mama bado anakuja. Siku hizi picha anaitoa kwenye foronya akiwa bado kwenye foleni.