Imbeni Kwanza, Ndipo Mpulize

Vijana wa kikundi cha matarumbeta ninachokifundisha usharikani, hapa Moshi, wakitoka kusikiliza bendi ya polisi kwenye gwaride la wahitimu, hurudi na hamu ya kupuliza kwa nguvu zote. Huwa nawaomba waweke vyombo chini, waimbe kwanza, kwa sababu baadhi ya muziki unaopigwa kwenye magwaride makubwa duniani ulizaliwa jukwaani, katika opera (michezo ya kuigiza inayoimbwa) za kizalendo, ukatungwa kwa pumzi ya mwimbaji.

Mfano ninaoutegemea ni opera ya Mrusi Glinka ya mwaka 1836, inayomhusu mkulima Ivan Susanin aliyewapoteza askari wa Poland msituni, akauawa. Mwishoni umati unaimba "Slavsya", wimbo wa kumtukuza mfalme mpya. Lakini muda mfupi kabla ya hapo watoto wa Susanin wamesimama katikati ya shangwe hiyo wakimlilia baba yao. Tarehe 24 Juni 1945 bendi za jeshi ziliupiga wimbo huo Moscow, katika gwaride la ushindi, mbele ya watu waliokuwa wamezika mamilioni. Kikundi kinachoijua habari hii hakiwezi kuupiga kama kelele za ushabiki. Kitaushika taratibu, na kila sentensi kitaimaliza bila kuikata pumzi katikati.

Katika Aida, opera ya Mwitaliano Verdi iliyoonyeshwa mara ya kwanza Cairo mwaka 1871, mapokezi ya jeshi lililoshinda yana tarumbeta ndefu zilizonyooka, makundi mawili ya watu watatu watatu. Kundi la kwanza likimaliza, la pili linaudaka wimbo uleule, do, yaani noti ya msingi, ikiwa imepanda toni moja na nusu. Mkiujaribu, yatengeni makundi yasimame mbalimbali, na msikubali la pili lipulize kwa nguvu kuliko la kwanza, maana kule kupanda kwa do kumeshamwinua msikilizaji. (Hapa ndipo vikundi vingi huharibu, nami nasema hivi kwa uchungu kwa sababu naupenda sana muziki huu.)

Ngoma kubwa iingie mwisho kabisa, wimbo ukishakaa midomoni. Ikitangulia, vijana wataifuata ngoma na kusahau maneno, nanyi mtalazimika kuanza upya na sol-fa, yaani kuimba do, re, mi.