Kabla hujanunua darubini kubwa

Tangu watu wajue kwamba usiku huwa napanda paani kuangalia nyota, swali ninaloulizwa zaidi ni: ninunue darubini gani? Jibu langu huwavunja moyo wengi. Usinunue bado. Hasa usinunue ile ya boksi lenye picha ya Zohali ya kupendeza na maandishi makubwa kwamba inakuza mara 525. Kazi ya darubini ni kukusanya mwanga, na kinachoukusanya ni upana wa lenzi au kioo chake. Hesabu ya kawaida ni kwamba kila milimita moja ya upana inahimili kukuza mara mbili tu. Ya milimita 60 ukiilazimisha kupita mara 120 utaona ukungu unaocheza, na miguu yake mitatu ni myembamba kiasi kwamba ukikohoa nyota inahama.

Anza na macho. Mimi naishi Tanga, nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na vitabu vingi vya falaki vinavyotufikia viliandikwa na watu wa kaskazini kwa ajili ya watu wa kaskazini. Kurasa za mwanzo tu wanakutuma ukatafute Nyota ya Kaskazini. Hutaiona, kwetu imefichwa chini ya upeo wa macho. Badala yake, mwezi Mei au Juni, mnamo saa mbili na nusu usiku, elekea kusini utafute Msalaba wa Kusini, kisha geuka nyuma. Upande wa kaskazini utakuta nyota saba za Dubu Mkubwa zimening'inia kichwa chini. Aliyeko London hauoni Msalaba hata akeshe mwaka mzima, na aliyeko Cape Town hazipati zile saba zote. Sisi tunageuza shingo tu.

Ikweta hiyohiyo ndiyo iliyowavuta Waitaliano hadi Malindi, kwa sababu roketi inayorushwa karibu na ikweta kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure kutokana na dunia kujizungusha. Pale baharini, kwenye jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa satelaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo peke yake. Siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake, basi satelaiti ikaitwa Uhuru. Vijana wengi wa pwani ninaozungumza nao hawajawahi kuisikia habari hii.

Kuanzia Desemba hadi Machi, kundi la nyota la kujifunza ni Jabari, ambalo vitabu vya Kiingereza huliita Orion. Nyota tatu za mshipi wake zimekaa karibu kabisa na ikweta ya anga, yaani mstari wa kufikirika angani juu ya ikweta ya dunia, kwa hiyo zinachomoza mashariki kamili na kutua magharibi kamili. Unyooshe mshipi huo kwa upande mmoja, utafika kwenye Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Unyooshe upande wa pili, utapita nyota ya rangi ya machungwa na kuishia kwenye Kilimia, kifungu kidogo cha nyota zilizosongamana. Hicho wazee walikifuatilia vizuri: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Angalia mwenyewe. Mwanzoni mwa Mei, masika bado yapo, kinazama magharibi jioni mapema halafu kinapotea. Juni kinachomoza alfajiri, mvua zimekwisha.

Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na ukiwasha simu mara moja umerudi mwanzo. Umeme ukikatika mtaani, waache wenzako walalamike, wewe panda paani. Ila majirani uwaambie mapema, na mwenyekiti wa mtaa pia. Mtu anayezunguka gizani na darubini shingoni hueleweka vibaya haraka sana. Na jiandae, wakishakuelewa watakuuliza nyota zao zinasemaje.

Ukishayajua makundi matano au sita bila msaada, sasa tafuta darubini ndogo ya macho mawili, ile ya watalii wa mbugani. Iandikwe 7x50 au 10x50: namba ya kwanza ni kukuza, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Kilimia, ambacho kwa macho watu wengi huhesabu nyota sita, kitakuwa makumi ya nyota. Lakini mimi kitu kilichonifunga ni Mshtarii. Utaijua sayari hiyo kwa mwanga wake mkali usiometameta. Egemeza viwiko ukutani, vuta pumzi, itulize. Pembeni mwa duara dogo jeupe utaona vinukta vimejipanga kwenye mstari, viwili, vitatu au vinne. Ndiyo miezi ileile aliyoiona mwanafalaki Galileo Januari 1610. Chukua daftari, chora duara na vinukta kila usiku, saa ileile. Mwezi wa ndani, Io, unazunguka kwa takriban saa 42, kwa hiyo mchoro wa kesho haufanani na wa leo. Wa nje, Callisto, unachukua karibu siku 17. Daftari hilo litakufundisha kuliko video yoyote.

Jua usilielekezee darubini ya aina yoyote, hata sekunde moja. Wanaosubiri kupatwa kwa jua tarehe 2 Agosti 2027, kutakakokuwa kamili kule Luxor, Makka na Jeddah, watumie miwani maalumu ya kupatwa kwa jua, si miwani ya urembo wala picha ya eksirei. Wengi wetu Afrika Mashariki tutaliona likimegwa tu, na kwa hilo kivuli cha mwembe kinatosha: vijimwanga vinavyopenya kwenye majani vitakuwa vimemegwa vilevile hapo chini mchangani.

Baada ya mwaka wa daftari, kama bado una hamu, nunua darubini kubwa ya kioo, upana wa milimita 130 au 150, inayokaa kwenye kitako kizito cha mbao badala ya miguu mitatu. Wa pwani, usiitoe kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaitumia papo hapo, kioo kitajaa unyevu. Kikijaa usikifute na kanga, utakikwaruza. Kiache kikauke chenyewe, na ukiifunga uweke ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana joto na unyevu wa kwetu huotesha kuvu kwenye lenzi.