Taa ya bluu ya kuziba jino si UV

Ndugu, umeuliza kama ile taa ya bluu anayomulika daktari akiziba jino ni UV (miale ya urujuanimno) inayokausha dawa kwa joto. Hapana, si UV na wala haikaushi dawa kwa joto, ni mwanga wa bluu tu wa kama nanomita 470 unaoamsha kemikali iliyomo kwenye kompoziti (dawa ya kuzibia jino), inaitwa kamforokwinoni, hapo ndo resini, yaani plastiki ya hiyo dawa, inashikana inakuwa ngumu. UV ilikuwa ya zamani, miaka ya 1970 huko. Mimi nasaidia kliniki ya meno hapa Mbale, tunaweka dawa tabaka la milimita 2 tunamulika sekunde 20 hivi, tunaongeza tena, maana ukijaza shimo lote mara moja chini kunabaki laini, isipokuwa ile aina ya kujaza kwa mkupuo, hiyo inafika milimita 4. Ila usiikodolee macho, inaumiza.