Moyo unadunda ghafla na vipimo viko safi: tiba ya saikolojia inasaidia kweli?

Mkuu, umeuliza kama kuna maana ya kwenda kwa mwanasaikolojia wakati kinachokusumbua ni mwili: moyo kudunda ghafla, kifua kubana, vidole kufa ganzi, na vipimo vya moyo, ECG (umeme wa moyo) na ECHO (picha ya moyo), vyote vimetoka safi. Mimi nimeishi na hali hiyo, mashambulizi ya hofu ya ghafla (panic attack), hapa Dar kwa miaka na nikatibiwa, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Ukiambiwa "ni mawazo tu", hilo "tu" likatae. Moyo unadunda kweli. Mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini, mapigo yanapanda, misuli ya kifua inakaza, unaanza kuhema harakaharaka. Ukihema kuzidi mahitaji ya mwili, hewa ukaa inapungua kwenye damu, na hapo ndipo kinapotoka kizunguzungu na ile ganzi ya midomo na vidole. Huigizi.

David Clark, mwanasaikolojia wa Oxford, alieleza mwaka 1986 jinsi mambo haya yanavyozunguka. Inaanza dalili ndogo, mtu anaisoma kama kifo kinakuja, hofu inapandisha mapigo zaidi, na mapigo hayo yanamhakikishia kwamba kweli anakufa. Mtaalamu wangu alinichorea mzunguko huo kwenye karatasi, kisha akaniuliza: moyo ukianza ukiwa ndani ya daladala, sekunde ile unawaza nini? Jibu langu lilikuwa moja: nitaanguka hapa katikati ya watu wasionijua. Tukaanzia kwenye wazo hilo. Umewahi kuanguka? Sijawahi. Akanieleza kuwa mtu huzimia presha inaposhuka, ilhali kwenye hofu kali presha kwa kawaida hupanda. Nililala usingizi mzuri siku ile.

Ila maelezo peke yake hayatoshi, na hapa ndipo ningependa usome taratibu. Tiba hii, tiba ya utambuzi na tabia (wengi wanaiita CBT), ina mazoezi ya kuziita dalili makusudi. Nilizungushwa kwenye kiti mpaka kizunguzungu kikaja. Nilipumua kwa mrija wa soda huku pua nimeibana. Nilipanda ngazi mbio, nikakaa, nikausikiliza moyo bila kupima presha, bila kunywa maji, bila kumpigia mke wangu simu. Mwanzoni nilitaka kukimbia chumba. Nikarudia na kurudia, mpaka mapigo makubwa yakawa mapigo tu. Kisha tukahamia kwenye kazi yenyewe: gari la Mbagala saa za jioni, nimesimama nyuma kabisa, mbali na mlango. Hapo nilitoka jasho kuliko popote.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoshauri kwamba pumua taratibu basi yameisha. Kupumua taratibu ni kuzuri, nami nafanya kabla ya kulala. Lakini ukikimbilia pumzi kila moyo unaposhtuka, mwili unabaki ukiamini kuna hatari umeiponyoka. Kutembea na kipimo cha presha kwenye mkoba ni hivyo hivyo, na kurudia ECG kila mwezi pia.

Angalizo. Hakikisha wamekupima tezi ya shingo (thyroid) na wingi wa damu, maana tezi ikizidisha kazi au damu ikipungua, moyo huenda mbio vilevile. Kama dalili zinakuja ukitumia nguvu, umewahi kuzimia, au kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana, rudi kwa daktari wa moyo kabla ya mazoezi yoyote niliyoyataja.

Kuhusu pa kwenda, hospitali ya Muhimbili hapa Dar ina idara ya afya ya akili, na Dodoma kuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, usiogope jina. Ukifika uliza wazi kama mtaalamu anafanya CBT na mazoezi ya kuzikabili dalili. Anayekuambia tu "punguza mawazo" hajakutibu, tafuta mwingine. Mama yangu alitaka maombi, nikaenda kuombewa na kliniki sikuacha. Havikugombana.

Mimi moyo bado hushtuka siku moja moja, hasa nikikosa usingizi, na safari naendelea nayo. Kabla hujapata miadi, anza kuandika: dalili ikianza, wazo la kwanza kabisa linalokujia ni lipi? Nenda na karatasi hiyo siku ya kwanza, itawaokolea muda mwingi.