Maporomoko ya Nachi: Mgeni Aingieje Mahali Patakatifu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kondoa. Mwezi Julai nitakuwa Osaka, nchini Japani, kwa mafunzo ya wiki tatu, na mwenyeji wangu ameahidi kunipeleka mashambani kuona maporomoko ya maji ya Nachi, ambayo anasema ni matakatifu. Mimi ni Mkristo. Je, nikienda nitakuwa nimeabudu? Na nifanye nini nisije nikawakwaza wenyeji?
– Mwalimu, Kondoa

JIBU: Mwalimu, nenda, tena uende bila hofu. Wewe unayeishi karibu na michoro ya miambani una faida ambayo watalii wengi hawana, kwa sababu unajua jinsi mwamba wenyewe unavyoweza kuheshimiwa. Pale Mungomi wa Kolo, katika eneo lililoingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, wenyeji wameendelea kufanya matambiko ya kuomba mvua na uponyaji, na mgeni anayefika kutazama michoro hahesabiwi kuwa ametambika. Nachi ni vivyo hivyo.

Maporomoko hayo yako mkoani Wakayama, katika rasi ya Kii, na maji yake huanguka mita 133 kutoka ukingo wa mwamba katikati ya msitu. Chini yake pana hekalu la Kishinto, yaani la dini ya jadi ya Wajapani, liitwalo Hiro, lakini usitafute jengo kuu la ibada, kwa kuwa halipo: kwa waumini wa Shinto, maporomoko yenyewe ndiyo makao ya mungu anayeheshimiwa pale, na wao husali wakiyaelekea. Ukiinua macho hadi pale maji yanapoanza kushuka, utaona kamba nene ya mabua ya mpunga iliyovutwa toka upande mmoja hadi wa pili. Huitwa shimenawa, nayo ni alama kwamba mahali hapo pametengwa. Makuhani hupanda kuibadilisha mara mbili kwa mwaka, tarehe 9 Julai na 27 Desemba, kwa hiyo huenda ukaikuta ikiwa mpya.

Sasa nije kwenye hofu yako, ambayo naiona ni ya haki. Kwenye lango, yaani torii, wenyeji huinamisha kichwa kidogo kabla ya kupita, kisha hupita pembeni, kwani katikati huachwa kuwa njia ya mungu. Kuinama huko mimi nakuchukulia kama kupiga hodi, na sioni imani inayokataza hodi. Penye birika la maji, hunawa kwa kata mkono wa kushoto, kisha wa kulia, halafu hukinga maji kwenye kiganja cha kushoto na kusukutua. Kata yenyewe haiguswi kwa mdomo. Kunawa mikono kunatosha kwa mgeni, ingawa kwao ni kujitakasa. Sala ni jambo jingine: huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, kisha huinama tena mara moja. Hayo ni ibada, na kama dhamiri yako inakataa, simama kando kwa utulivu uwaache wanaosali wamalize. Hakuna atakayekuuliza kwa nini hukusali. Wanachokwazika nacho ni kelele, kuvuka kamba au uzio, na kupiga picha mbele ya mtu aliyefumba macho.

Kutoka Osaka, treni huchukua takriban saa nne hadi Kii-Katsuura, na kutoka hapo kuna basi. Mwombe mwenyeji wako mshuke Daimonzaka, mpande kwa miguu ngazi za mawe 267 kati ya miti ya sugi yenye umri wa karne kadhaa. Njia hiyo ya mahujaji ni sehemu ya urithi uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2004. Sisi wa Dodoma hatujazoea mawe yenye kuvu mbichi, na Julai mvua huwa bado zinanyesha, basi vaa viatu vyenye soli inayoshika.

Tarehe 14 Julai kuna sherehe ya moto, ambapo mienge 12 mikubwa hubebwa kwenye ngazi zinazoshukia maporomoko. Ni jambo kubwa, lakini umati wake ni mkubwa pia. Kwa kuwa unataka kupaelewa mahali penyewe, ningekushauri uchague siku nyingine, ulale Katsuura, na upande basi la kwanza la asubuhi.