Tairi za Vitz: namba gani, za umri gani, na mpya zikae mbele au nyuma?

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu, naishi Maweni hapa Malindi, na kila siku ya shule naendesha Vitz ya 2007 hadi upande wa Gongoni. Njia ni lami, ila mwisho wa safari kuna vumbi na mawe ya matumbawe. Tairi zangu ni 165/70R14. Za mbele zimekwisha kabisa, za nyuma zina uhai kidogo. Pesa niliyo nayo yatosha mbili mpya, au nne za mtumba kutoka Japani. Kijana aliyeniziba pancha juzi ameniambia nivishe 185 ili gari liinuke, na nikinunua mpya niziweke mbele, kwenye injini. Nifuate lipi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Nunua mbili mpya, namba ileile ya 165/70R14. Za nyuma zenye uhai zihamishie mbele, na mpya ziweke nyuma. Najua hilo la nyuma litakushangaza, kwa hivyo naanza nalo.

Vitz huvutwa na magurudumu ya mbele. Ndiyo yanayovuta, ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya breki, basi tairi za mbele huisha upesi. Watu huona kwamba penye kazi nyingi ndipo pa kuwekwa tairi nzuri. Lakini jiulize gari hufanya nini tairi zikiteleza. Za mbele zikiteleza juu ya maji, gari hukataa kona na kwenda moja kwa moja. Usukani huwa mwepesi mkononi, unahisi, unaachia mafuta, tairi zinashika tena. Za nyuma hazikupi ishara. Mkia unatoka, na ukija kutambua gari limeshalala upande. Ndiyo maana watengenezaji wa tairi wenyewe hushauri mpya zikae nyuma, hata kwa gari linalovutwa na mbele.

Mimi hili lilinipata. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii niliweka mpya mbele nikaacha vipara nyuma. Mwezi wa Mei, masika imeshika, nakaribia daraja la Sabaki, mbuzi wakaingia njiani nikagusa breki. Mbele palishika barabara. Nyuma hapakushika kitu. Gari lilizunguka lote, likasimama likitazama Malindi nilikotoka. Hakukuwa na lori nyuma yangu, alhamdulillahi. Tangu siku hiyo kila mteja namweleza, hata akinuna.

Ila kwanza zitazame vizuri hizo unazosema zina uhai. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vipande vidogo vya mpira vilivyoinuka kutoka chini, vikikatiza mfereji. Kimo chao ni milimita 1.6. Tairi ikilika mpaka ikawa sawa navyo, imekwisha, hata kama kwa mbali yaonekana ina meno. Tairi mpya ya gari dogo huwa na kina cha milimita 7 au 8. Zako zikiwa na 3 au zaidi, zitakufaa mbele kwa muda, mpaka upate pesa ya jozi ya pili. Zikiwa chini ya hapo, subiri ununue zote nne, na siku za mvua panda matatu.

Sasa hiyo 185. Namba ya tairi yako husomwa hivi: 165 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 14 ni rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi yako ina kipenyo cha milimita 587 hivi. Ile ya 185/70R14 ni kama 615. Tofauti ni 28, lakini gari huinuka kwa nusu yake tu, milimita 14, kwa kuwa nusu ya juu ya tairi hailiinui gari. Kwa faida hiyo ndogo utapoteza nguvu ya kuondoka, mshale wa spidi utasoma 100 nawe uko karibu 105, na ukikata usukani mpaka mwisho gari likiwa na watu, tairi yaweza kusugua plastiki ya ndani ya madigadi. Ukikosa kabisa 165 madukani, 175/65R14 ina kipenyo kinachokaribiana mno na chako. Hiyo naikubali, mradi mbili za ekseli moja zifanane.

Baada ya namba hiyo kuna nyingine ndogo, kwa mfano 81S. Hiyo 81 ni mzigo: kilo 462 kwa kila tairi. Herufi S ni mwendo wa juu wa kilomita 180 kwa saa. Usishuke chini ya 81. Kupanda juu hakuna ubaya.

La mtumba ndilo linaloniumiza moyo zaidi, kwa sababu huku kwetu Pwani tairi nyingi hufa kwa joto na uzee kabla ya kufa kwa kulika. Mpira ukikaa miaka juani hukauka, na waya za chuma zilizo ndani huanza kuachana nao. Meno bado marefu, tairi imeshaoza. Muuzaji huipaka dawa ya kung'arisha, ikawa nyeusi kama imetoka kiwandani leo. Unachotakiwa kufanya ni kutafuta herufi DOT ubavuni. Mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne, na mara nyingi huandikwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hivyo igeuze. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mimi kwa joto letu sivishi gari la mteja tairi iliyopita miaka mitano tangu itengenezwe, hata iwe haijawahi kugusa ardhi. Na hata dukani, kwenye tairi mpya, soma tarakimu hizo kabla ya kutoa pesa. Kisha bonyeza ubavu kwa vidole gumba viwili, ukunje mpira, utazame karibu na maandishi. Ukiona nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, irudishe.

Kuna jambo jingine kwenye mtumba wa Japani ambalo wengi hawalijui. Japani kuna theluji, na watu wake huvisha tairi za baridi kisha huzitoa. Baadhi ya hizo hufika hapa, na mtu huzipenda kwa kuwa ni laini na zina meno mengi. Utazijua kwa neno STUDLESS lililoandikwa ubavuni, na kwa michirizi myembamba ya kujipindapinda iliyochanjwa kwenye kila jino, kana kwamba imekatwa kwa wembe. Mpira wake umeundwa ubaki laini kwenye barafu. Kwenye lami ya Malindi saa saba mchana huwa kama ubani wa kutafuna: gari linayumba, tairi inaisha upesi, na kwenye maji breki huchelewa kushika. Hata magari yanayoagizwa kutoka Japani huja nazo wakati mwingine, basi tazama na hizo unazotaka kuzihamishia mbele.

Kwenye tairi mpya nyingi utakuta pia neno TEMPERATURE likifuatwa na A, B au C. Ni uwezo wa kuhimili joto, na A ndiyo bora. Ukipewa za bei moja, chukua yenye A.

Mawe ya matumbawe hayana tiba ya namba. Yana makali, na hukata ubavu, mahali ambapo kiraka hakikai. Pita polepole, na usipande ukingo wa mawe kwa pembeni. Ukiona ubavu umevimba kama jipu, nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hiyo usiifikishe hata Mambrui. Spea nayo ipime upepo, maana nyingi huwa tupu siku zinapohitajika.

Siku ya kuvisha, mwambie fundi abadilishe valvu, na asugue ukingo wa rimu kwa brashi ya waya. Hewa yetu ina chumvi, kutu hukaa pale mpira unaposhikana na chuma, na upepo huvuja kidogo kidogo hadi ukadhani una pancha isiyoonekana. Zibalansiwe, yaani uzito usawazishwe pande zote za gurudumu. Za mbele zikiwa zimelika upande mmoja tu, fanya alaimenti kwanza, yaani magurudumu yanyooshwe, la sivyo hizo unazohamishia huko zitalika vilevile.

Upepo usikisie kwa jicho. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko chenye kipimo cha gari lako. Kwa magari mengi madogo ya Japani huwa kati ya 220 na 240 kwa kilopaskali (kPa), yaani kama 32 hadi 35 kwa PSI, kipimo cha geji zetu. Pima asubuhi kabla hujatoka. Ukipima umefika Gongoni jua kali, namba itakuwa juu, na hapo usitoe upepo. Tairi ikipoa itabaki na upungufu, na tairi yenye upungufu ndiyo hupata joto zaidi ikapasuka.

Baada ya kuvisha, ukishatembea kama kilomita 100, rudi kwa fundi akaze nati tena. Kwa safari zako, mwalimu, hizo ni siku mbili tu. Ukivisha Jumamosi, Jumanne jioni pitia kwake.