Kinda la njiwa huchinjwa wiki ya nne
Unasema unangoja kinda la njiwa lifike miezi mitatu ndipo ulichinje; huko ni kuchelewa mno, ndugu yangu. Kinda la njiwa manga huchinjwa likiwa na siku 26 hadi 30, kabla halijaruka. Nyanyua bawa: chini yake pakishajaa manyoya, tayari. Likianza kuruka tu, nyama hukaza na uzito hupungua. Hapa Wete, Pemba, ndivyo mama alivyotufundisha, na mchuzi wake wa nazi ni mtamu kweli. Ila usitarajie wingi. Jozi hutaga mayai mawili tu kwa mara moja na kuatamia siku 17 au 18. Jozi uliyoinunua ikiwa imeshakua ifungie mpaka ilee makinda ya kwanza, la sivyo itarudi kwa mwenyewe wa zamani.